Ukuta wa Ghorofa ya Saba

Nyumba ina milango miwili: mmoja ukifunguka unaona watu, mwingine ukifunguka unaona chokaa. Kitendawili hicho hakikutegwa na mtu. Kilitegwa na lifti, Ijumaa jioni, na wa kwanza kukwama nacho alikuwa Bibi wa ghorofa ya saba, aliyekuwa akirudi kutoka kununua nyuzi za kufumia.

Lifti ilipanda vizuri, ikasimama vizuri. Sauti yake ya kike, ile ya mtu aliyekula akashiba, ikasema, "Karibu. Ghorofa ya saba." Mlango wa mbele ukafunguka, na Bibi akakutana uso kwa uso na ukuta. Aliungoja useme neno. Ukuta haukusema. Mlango ukajifunga. Akabonyeza kitufe tena, akakaribishwa tena, akaonyeshwa ukuta ule ule. Safari iliyofuata akaijibu ile sauti, "Nimeshakaribia, mwanangu, sasa nipishe nipite," lakini maneno matamu hayavunji matofali.

Jengo lenyewe ndivyo lilivyo. Zamani lilikuwa na ghorofa nne tu. Baadaye mwenye jengo akaingiwa na tamaa, akaongeza tatu juu yake, na mafundi, kwa sababu wanazozijua wao, wakazipa zile mpya mgongo pale ambapo za zamani zina uso. Kwa hiyo lifti ikatiwa milango miwili. Kuanzia chini hadi ya nne hufunguka wa mbele. Kuanzia ya tano kwenda juu hufunguka wa nyuma. Ilifanya hivyo miaka yote bila kukosea. Ijumaa hiyo ikaanza kufungua wa mbele kila mahali, na huko juu mbele hakuna kitu ila ukuta.

Bibi alirudi hadi ya nne, akashuka, akazipanda ngazi zilizobaki kwa makalio, akipumzika na kuzitukana zile zilizokuwa bado. Alipofika nyumbani, goti lake la kulia lilikuwa limeumuka kama mkate.

Na goti hilo ndilo lililokuwa limemtoa kwake kijijini. Kuna daktari wa magoti anayekuja hospitali kubwa kwa zamu, na Bibi alipangiwa Alhamisi. Ukikosa siku yako unarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ile, wanasema walioiona, haina mwisho. Bibi hakuwa na nafasi ya kungoja. Kuku wake aliwaacha kwa jirani, na jirani huyo anapenda kuku kupita kiasi, hasa wakiwa na chumvi.

Alikuwa akiishi kwa mwanawe, Fundi, mshonaji wa makochi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Mke wa Fundi jengo zima lilimwita Mhandisi. Alikuwa ameajiriwa na kampuni inayotunza lifti za mji, naye ndiye anayeziandikia programu, yale maagizo yanayoiambia lifti ipande, isimame, ifungue. Bibi alipoulizwa mkwewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba anafundisha mashine adabu. Na Ijumaa mchana, saa chache kabla ya Bibi kukaribishwa na ukuta, lifti ya jengo lao ilikuwa imetiwa programu mpya. Mwandishi wake ni Mhandisi. Majirani hawakujua. Fundi alijua, naye alinyamaza kwa sauti kubwa.

*

Jumatatu kampuni ikamtuma makanika wake, ambaye kwa rangi ya nguo zake huitwa Grisi. Akapanda juu ya lifti, akagonga huku na huku, akashuka na hukumu. Mlango wa nyuma haupati nguvu, motor yake imekufa. Meneja wa kampuni akapokea hukumu hiyo kwa furaha, maana motor ikifa hakuna wa kulaumiwa. Akabandika tangazo chini: motor imeagizwa ng'ambo, wapangaji wawe na subira.

Wapangaji wa chini walikuwa na subira tele, kwa kuwa mlango wao ulifunguka. Wakaanza kupanda kwenda kuutazama ukuta kama watu waendao kumwona mtoto mchanga. Mwalimu Mstaafu wa ghorofa ya pili, mama ambaye hajawahi kuuacha mkono wake bila chaki tangu alipostaafu, akawa wa kwanza kuandika pale. Mlango ulipofunguka ghorofa ya saba alinyoosha mkono, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Hodi.* Kesho yake chini yake palikuwa na jibu: *Wenyewe wametoka.* Kisha mtu akachora kitasa. Mwingine akaandika: *Vyumba vinapangishwa, havina dirisha wala nafasi.* Ukuta ukawa gazeti. Watu walipanda kusoma habari mpya, wakashuka wakicheka, huku kwenye ngazi wa ghorofa za juu wakihema na mitungi ya gesi begani.

Mhandisi alikuwa miongoni mwa wanaohema. Jirani mmoja alimsimamisha kwenye ngazi, akamuuliza kwa upole, "Wewe si ndiye mtu wa lifti? Hebu mwambie mwenzio ukuta wetu unasalimia." Mhandisi akacheka nusu. Nusu ya pili aliimeza.

Lakini moyoni alikuwa na hakika kwamba kosa si lake. Programu ya lifti si andiko moja. Ni mafaili mengi, na kila faili lina mistari ya kuita wenzake: njoo wewe wa milango, njoo wewe wa breki, njoo wewe wa sauti. Kwa miaka mingi mafaili yalikuwa yameongezeka kama vyombo vya harusi, mengine hayajulikani yalikuja na nani. Akaambiwa afagie. Ndipo akatengeneza programu nyingine ndogo, akaiita Msomaji. Kazi ya Msomaji ilikuwa kupita mstari kwa mstari, kutafuta neno la kuita na jina linaloitwa, na mwisho kusema: hili linaitwa na fulani, lile haliitwi na mtu yeyote. Lisiloitwa na yeyote, Mhandisi alilitoa. Akaijaribu programu iliyofagiwa kwenye lifti ya ofisini kwao, ikaenda kama maji. Alijivunia Msomaji kama mzazi anavyojivunia mtoto aliyeanza kusoma mabango ya barabarani.

"Amesoma kila mstari," alimwambia mumewe. "Hajaruka hata nukta."

Fundi akauliza kama kusoma na kuelewa siku hizi ni kitu kimoja. Mkewe akamwambia ashone makochi.

*

Fundi akashona, ila si kochi. Alichukua kiti cha mbao, akakifunga mikanda ileile ya kuinulia makochi, akakitia sponji nene na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Jumanne adhuhuri akakiingiza ndani na kumweleza mama yake mpango wenyewe. Alhamisi mama atakaa, wao watabeba, Fundi mbele na rafiki yake nyuma, watashuka polepole hadi ghorofa ya nne, basi.

Bibi alikizunguka kiti, akakibonyeza, akakikalia. Akasema kimeshonwa vizuri sana. Kisha akainuka.

"Mama, nimebeba makochi ya kukaa watu watatu," Fundi alisema. "Wewe utanishinda nini?"

"Kochi halioni haya," Bibi akasema. "Mimi nilikubeba mgongoni nikachota maji, nikaleta na kuni, na hakuna aliyesimama mlangoni kutazama. Leo unipitishe mbele ya milango ya watu nimefungwa mikanda, halafu wakapande kwenda kuandika ukutani? Hapana, baba. Goti na lioze, lakini lioze limekaa na heshima yake."

Mhandisi alikuwa amekaa mezani na kompyuta yake, akijifanya hasikii. Bibi akageuza shingo. Hakumlaumu, maana hakujua. Akamuuliza tu, kwa sauti ya kumwombea mtu mgonjwa, huko ng'ambo motor wanaifinyanga kwa mkono?

Hilo lilimchoma Mhandisi kuliko tusi.

*

Sasa, katika nyumba hiyo kulikuwa na jambo jingine dogo, ambalo hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Mhandisi alikuwa ameweka simu kuukuu jikoni juu ya friji, akaifundisha kusikiliza. Ukisema sukari imekwisha, inakumbuka sukari. Ukisema sabuni imekwisha, inakumbuka sabuni. Fundi akiwa njiani kurudi, inamsomea vya kununua. Waliizoea kiasi kwamba waliishukuru.

Jumanne hiyo jioni Fundi alirudi na mfuko, akapanda ngazi kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Sukari ipo, sabuni ipo, vitunguu vipo. Bibi akaenda kuwasha jiko, akapekua mfuko hadi chini, akakunja uso.

"Na wale ndugu wenye vichwa vyeusi wako wapi?"

Fundi hakuelewa.

"Wale ndugu wanaolala chumba kimoja, ukimtoa mmoja nje akasugua kichwa kwenye ukuta wa nyumba yao, anakasirika. Nimesema tangu asubuhi kwamba wamekwisha. Nimesimama hapa hapa mbele ya friji nikasema, tena kwa nguvu."

"Kiberiti," Fundi alisema akijishika kiuno. "Mama, ungesema kiberiti."

"Nimesema kiberiti. Mtoto yeyote angetegua."

"Mtoto angetegua. Hii haina akili, ina masikio tu. Jina lisipotajwa, kwake hakuna kitu kilichosemwa."

Bibi akaitazama simu kwa huruma na kusema maskini, imelelewa na watu wasiocheza. Fundi akavaa viatu arudi chini. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango alipomwona mkewe amesimama katikati ya chumba, kijiko mkononi, kama mtu aliyesikia akiitwa na sauti ya mbali.

"Usiende kwanza," Mhandisi alisema. "Rudia ulivyosema."

"Kwamba nini, haina akili?"

"Jina lisipotajwa."

Akakaa mbele ya kompyuta. Hakutafuta tena wanaoitwa kwa majina. Alitafuta mahali ambapo mtu anaitwa bila jina, na hakukawia kupaona, maana palikuwa wazi kama kidonda. Mstari mmoja tu, ulioandikwa na mtu aliyekwisha ondoka kazini zamani. Haukusema njoo fulani. Ulisema: chukua neno *jengo*, ulibandike kwenye namba ya jengo unalolitengenezea programu, na utakachopata ndilo jina, mwite huyo. Kila jengo lenye ukorofi wake lilikuwa na faili lake namna hiyo, na jina hilo zima halikuandikwa mahali popote. Lilizaliwa pale programu inapoundwa, na si kabla. Msomaji alipita juu ya mstari huo akiwa macho, akaona neno la kuita, akatazama jina, akaona vipande. Akaendelea na safari. Kisha akaripoti kwamba faili la jengo lao, lile linalosema *hapa, kuanzia ya tano, fungua nyuma*, haliitwi na yeyote. Naye Mhandisi akalifagia.

Kingine kikamuumiza zaidi. Yule mwandishi wa zamani alikuwa mpole. Akaongeza chini yake: ikiwa aliyeitwa hayupo, chukua faili la majengo ya kawaida, usipige kelele. Kwa hiyo kompyuta haikulalamika. Ilikosa faili, ikanyamaza, ikalifanya jengo lao kuwa kama majengo mengine, yenye uso mmoja. Na lifti ya ofisini kwao, alikoijaribia, ilikuwa ya kawaida. Ingelalamikia nini?

"Motor haijafa," Mhandisi alisema, akiangalia meza. "Haijaambiwa. Ni mimi."

Fundi akavua kiatu kimoja, akakiacha kingine mguuni. Bibi, aliyekuwa mlango wa jikoni, hakuelewa mafaili, lakini neno *ni mimi* halihitaji shule. Alikumbuka ngazi zile, moja moja. Kisha akasema kwamba basi ni heri, maana motor iko ng'ambo na mkwewe yuko hapa, na aliye hapa ndiye anayeweza kusaidia. Halafu akauliza kiberiti kitakuja lini.

*

Asubuhi Mhandisi akampigia Meneja na kumweleza yote. Meneja alisikiliza, na alipofika mwisho akamuuliza nani mwingine anajua. Alipoambiwa mume na mama mkwe, akashusha pumzi.

Maneno yake yalikuwa laini. Tangazo limekwisha bandikwa. Wapangaji wamelikubali. Motor ikifika, wiki tatu au nne, Grisi ataifunga na programu itawekwa siku hiyo hiyo, na kila mtu atabaki na jina lake. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeumia. Ukweli, akasema, si samaki, hauozi ukingoja.

"Kuna goti linaoza," Mhandisi akamjibu. "Nipe Grisi kesho asubuhi na ufunguo wake."

Meneja akasema Grisi atakuja. Lakini wapangaji watauliza motor imefika lini, na yeye Meneja hatafungua kinywa chake. Atakayefungua mlango ndiye atakayefungua kinywa. Na mambo ya ajira yake wataongea Ijumaa.

Siku nzima Mhandisi alirudisha kila faili alilolifagia. Hakumtupa Msomaji, ila alimpunguzia cheo. Ukitaka kujua nani amekuja shereheni, usimtume mtu akasome kadi za mwaliko, kwani wengine waliitwa kwa kukonyezwa. Simama mlangoni uwaone wanaoingia. Kwa hiyo aliiamuru kompyuta yenyewe, wakati inaiunda programu, iseme kila faili inalolifungua. Tena akarudia kwa kila jengo peke yake, maana wageni wa huku si wageni wa kule. Na ule upole wa zamani akaufuta. Kuanzia sasa aliyeitwa akikosekana, kelele zipigwe.

Kazi hiyo haikumtisha. Kilichomtisha ni kinywa. Aliwaza kugonga mlango mmoja mmoja, miguu ikagoma. Aliwaza kusimama chini penye tangazo, akamwona yule jirani wa *ukuta wetu unasalimia*, akapata sababu ya kuangalia simu. Jua lilipoanza kuchwea alishuka hadi ghorofa ya pili, akamwomba Mwalimu Mstaafu kipande cha chaki. Mwalimu akampa kirefu, kizima, bila kuuliza.

Akaingia kwenye lifti, akabonyeza saba. "Karibu," ikasema ile sauti. Mlango ukafunguka. Ukuta ulikuwa umejaa, akalazimika kuandika pembeni kwa herufi za kubanana, mlango ukijifunga katikati ya neno naye akiufungua tena:

*Motor ni nzima. Nilitoa faili la jengo letu nikidhani halitumiki. Kosa ni langu. Kesho asubuhi nalirudisha. — Wa saba, mke wa Fundi.*

Alirudi nyumbani kwa ngazi na chaki puani. Kutoka pale sebuleni walisikia lifti ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na ile sauti ikikaribisha kila aliyekwenda kusoma. Mhandisi akajifunika kichwa na mto wa kochi. Bibi akamwambia atulie, watu wanaopanda ghorofa saba kwenda kumsoma mtu hawajamchukia bado.

*

Alhamisi Grisi alikuja mapema, akachunguza dari alipompita Mhandisi, maana yeye ndiye aliyeiua motor nzima kwa mdomo. Wakapanda chumba cha mashine. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Kusubiri mashine iamke ndiko kulikokuwa kurefu.

Bibi alikuwa tayari, amevaa viatu vyake vipya, amekaa kwenye kiti cha kijani mbele ya mlango wa nyuma wa lifti. Fundi alisimama pembeni yake na mikanda begani, kwa tahadhari, na Bibi akajifanya haioni. Wapangaji wa juu walitoka milangoni mwao. Wa chini walipanda kwa ngazi, kwa mara ya kwanza wakajua wenzao wanavyohema. Mhandisi akatokea. Yule jirani akamtazama, akatazama ngazi, akarudisha macho kwake.

Mhandisi akabonyeza kitufe. Lifti ikasikika ikija. Ikasimama. Ndani, nyuma ya chuma, sauti ikasema, "Karibu. Ghorofa ya saba."

Mlango haukufunguka.

Fundi akashusha mikanda begani, polepole, akaanza kuikunjua. Bibi akaikazia macho ile mikanda, akashika mikono ya kiti.

Mlango wa nyuma ukajitikisa kama mtu anayenyooka baada ya usingizi, ukafunguka. Ndani palikuwa patupu na safi, na taa inawaka.

Watu hawakushangilia; walipumua tu, wote pamoja, ikawa kama upepo. Yule jirani akasema kwamba kwa kuwa amepanda ngazi siku nyingi na mtungi, atadai akae ndani ya lifti hii siku nzima bila kushuka, na watu wakacheka, na kicheko kile Mhandisi alikichukua kama mtu anavyochukua chenji anayojua si yake yote. Fundi akainua kiti cha kijani na kukiingiza ndani. Bibi akaingia kwa miguu yake, akachechemea, akakikalia kama malkia. Akamwita mkwewe asimame karibu.

Walipokuwa wakishuka, Mhandisi alitazama mlango wa mbele, uliokuwa umefungwa.

"Mama," alisema, "ule ukuta sasa hautaonekana tena."

"Na yaliyoandikwa?"

"Yatabaki kule gizani."

Bibi akafikiri hadi wakapita ya tano. "Basi ni vizuri. Mwenye kusoma amekwisha soma." Kisha akajiweka sawa kwenye sponji. "Kitendawili."

"Tega, Mama."

"Ana masikio lakini hakusikia, ana macho lakini hakusoma, na alipoambiwa kwa kitendawili, akategua."

Mhandisi alifikiria simu ya jikoni, akamfikiria Msomaji, akaifikiria na lifti yenyewe. Hakuna iliyotosha.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nimeuchukua," Bibi alisema. "Ni wewe. Na ukitoka Ijumaa kwa Meneja wako, vyovyote atakavyosema, pitia dukani ulete kiberiti. Mume wako juzi alivua kiatu kimoja akasahau."

"Karibu," lifti ikasema. "Chini." Mlango wa mbele ukafunguka, na pale mbele palikuwa na watu.